Maswali yenu: miaka tano kwa mutu wa iningi moja

Namba iliyopita niliandika vistari vichache tu juu ya Edwin Díaz, mutupaji wa besiboli mwenye ekipe ya New York Mets ilimupa dola milioni 102 kwa miaka tano, nikafikiri watu watapita juu yake haraka waende kusoma mupira wa miguu. Kumbe apana. Mesaji zimejaa, zingine za Kadutu, zingine za Bagira na Panzi, zingine za ndugu zetu wenye walihamia Marekani na sasa wanatutumia video za besiboli usiku kati. Basi leo ukurasa wote ni wa kontra za watupaji wa kumalizia. Barua nimezifupisha, na pale mutu aliandika matusi juu ya muchezaji nimeyatoa.

KIJANA WA KADUTU: Yaya, mukubwa wangu anaishi New York, yeye na Mets ni kama mimi na Muungano. Ananiambia ekipe yake ilimupa mutu mumoja dola milioni 102 kwa miaka tano, na huyo mutu anaingiaka tu mwisho wa mechi, anatupa mipira 15 hivi, mechi inaisha, anaenda kuoga. Kiisha akaumia goti akisherehekea. Mimi naona huu ni wizi. Nakosea wapi?

JIBU: Mudogo wangu, hakuna mwenye aliiba, lakini umegusa pahali penye kuuma, na jibu litakuwa refu kidogo, vumilia.

Besiboli iko na iningi 9, yaani kila ekipe inapata zamu 9 za kupiga. Mutupaji mwenye anaanza mechi anafika pahali anachoka, ao wapigaji wanamuzoea, wanamutoa na kuingiza wengine, hao njo watupaji wa akiba. Wa mwisho kabisa kati yao, mwenye anapewa iningi ya 9 wakati ekipe yake inaongoza kwa pointi moja, mbili ao tatu, wanamwita kloza. Akilinda ile faida mupaka mwisho anaandikiwa sevu. Hii hesabu ya sevu aliitunga muandishi wa gazeti wa Chicago, Jerome Holtzman, na ikaingia kwenye hesabu rasmi mwaka 1969, na mimi naamini kabisa kama ni yenyewe ilizaa hizi bei zote, juu mbele yake mutu wa mwisho alikuwa tu mutu wa mwisho, hakuwa na namba ya kupeleka mezani siku ya kuongea mushahara.

Sasa shika kalamu. Musimu ni mechi 162, mara iningi 9 ni 1,458. Kloza anatupa 60 ao 70 kati ya hizo. Gawanya, haifiki 5 kwa 100 ya kazi yote. Kweli iningi ya 9 ukiwa unaongoza kwa pointi moja iko na uzito kuliko iningi ya 3 ukiwa unaongoza kwa 8, hiyo sikatai, na mutu mwenye amekaa miezi yote akiona ekipe yake inapoteza mechi dakika za mwisho anajua uchungu wake. Lakini bado ni iningi 60.

Na hapa njo penye hatari inajificha, haiko kwenye goti. Mwaka 2022 Díaz alitupa iningi 62, akatoa wapigaji 118 kwa straiki (mupigaji anashindwa mara tatu, anatoka), na wastani wake ulikuwa pointi 1.31 kwa kila iningi 9. Ajabu tupu. Lakini angalia ndani: ile 1.31 maana yake alifungwa pointi 9 tu mwaka muzima. Weka pale usiku tatu mibaya, kila usiku pointi 3, usiku tatu tu katika miezi sita, mupira mumoja upepo umeuinua, mwingine umeanguka pahali wenzake hawakufika, zinakuwa pointi 18 na wastani unaruka mara mbili, 2.61. Mutu ni yule yule, mukono ni ule ule, lakini kwenye karatasi ni mutu mwingine na bei nyingine. Mutupaji wa kuanza anatupa iningi 170, 180, usiku tatu mibaya inamezwa mule ndani. Ya kloza haimezwi. Muulize mama yeyote mwenye anauzisha sambaza pale soko ya Kadutu kama anaweza kukopa pesa ya miaka tano kwa kuangalia wiki moja yenye samaki walitoka mingi.

Mets walikopa. Mwezi wa 11 wa 2022 wakasaini, na Díaz akawa mutupaji wa akiba wa kwanza katika historia kupita milioni 100. Mwezi wa 3 wa 2023, mbele ata ya mechi ya kwanza ya ile kontra, Puerto Rico yake ilishinda Jamhuri ya Dominika pale Miami kwenye kombe la dunia la besiboli, wachezaji wakakusanyika wakaruka ruka kwa furaha, na kano la goti lake la kuume likakatika. Mwaka 2023 wote ukaenda bila kutupa mupira ata mumoja kwa Mets. Watu wenye walimucheka sikubaliane nao. Mutu kurukia ushindi wa nchi yake haiko kosa, nilimuona kwenye ile video akibebwa kwenye kiti cha magurudumu, ndugu yake Alexis analia pembeni, na mimi mwenyewe nilifunga simu.

Kuna wengine wenye hawakuumia goti wala nini, walibadilika tu. Craig Kimbrel alisaini na Cubs wa Chicago mwezi wa 6 wa 2019, miaka tatu, dola milioni 43, alikuwa kati ya kloza wakubwa wa kizazi chake. Ule mwaka wastani wake ukawa 6.53. Mwaka uliofuata 5.28. Kiisha 2021, mbele hawajamuuzisha, akawa tena wa kutisha, 0.49. Sasa niambie wewe, mwenye alisaini ile kontra alinunua Kimbrel yupi?

MAMA WA NGUBA: Mimi natumika ku hospitali, naonaka viwiko vya watu wenye walianguka na moto (pikipiki). Mwanangu ananiambia hawa watupaji wanapasuliwa kiwiko ata bila kuanguka. Kinachokatika ni nini kabisa?

JIBU: Mama, aksanti kwa swali hili, juu watu wanaongeaka pesa wanasahau kama katikati ya hii hadithi kuna nyama na mushipa wa mutu.

Kwa ndani ya kiwiko, upande wenye unagusa mbavu ukishusha mukono, kuna kano fupi yenye inafunga mufupa wa juu na mufupa wa chini. Mutu akirusha mupira kwa mwendo wa kilometa 160 kwa saa, ile kano inavutwa karibu na mwisho wa nguvu zake, kila mupira, na haina njia ya kufanya mazoezi inenepe kama musuli. Siku moja inakubali kukatika. Zamani ikikatika kazi imeisha, mutu anarudi kwao. Tarehe 25 mwezi wa 9 1974, daktari Frank Jobe wa Los Angeles akajaribu kitu hakijafanywa kwa mutupaji: akatoa kano ingine kwenye mukono wa kuume wa Tommy John, akaishona kwenye kiwiko chake cha kushoto. Tommy John hakucheza 1975, akarudi 1976, akatupa mupaka 1989. Njo maana ata leo ile operasio inaitwa jina la mugonjwa, haiitwi jina la daktari.

Ukitaka kuona ile kano yenye wanaazima, unganisha kidole gumba na kidole kidogo, kiisha kunja kiganja kidogo kuelekea kwako. Ule mushipa wenye unasimama katikati ya mukono kama kamba njo wenyewe. Kwa watu wengine hausimami, hawanao tangu kuzaliwa, na hawakosi kitu. Nilifanya hivi mezani na watoto wangu, watatu wanao, mumoja hana, na yule mwenye hana alisikitika sana mupaka nikamuelezea.

Lakini kurudi kunachukua miezi 12 mupaka 18, na saa ya kontra haisimame wakati mutu yuko kitandani. B.J. Ryan alisaini na Toronto mwezi wa 11 wa 2005, miaka tano, dola milioni 47, wakati ule hakuna mutupaji wa akiba alikuwa amepata ile pesa. 2006 akawapa musimu wa dhahabu, sevu 38, wastani 1.37, watu wakasema munaona. Mwezi wa 5 wa 2007, kiwiko, operasio. Akarudi lakini mwendo wa mupira haukurudi wote pamoja naye, na mwezi wa 7 wa 2009 wakamuachilia huku kontra ingali inatembea. Na kwenye besiboli ya Marekani, mama, kontra imehakikishwa: ukimufukuza mutu juu hachezi tena vizuri, sherti umulipe mupaka siku ya mwisho yenye imeandikwa. Toronto walilipa mwaka muzima wa 2010 kwa mutu hawako naye.

Mark Melancon vile vile. Mwezi wa 12 wa 2016, San Francisco, miaka nne, milioni 62. Musimu wa kwanza haukuisha, akapasuliwa musuli wa mukono wa mbele. Miaka tatu haijatimia baada ya kusaini alikuwa tayari Atlanta.

MWANAFUNZI, IBANDA: Nimesoma kama Denver iko juu ya milima na mipira inaruka zaidi kule. Hiyo inaweza kuharibu kontra ya mutupaji?

JIBU: Inaweza, na sisi watu wa Bukavu tunapaswa kuielewa haraka kuliko wengine, juu Denver iko mita 1,600 hivi na sisi tuko karibu 1,500. Hewa ya huku juu ni nyepesi. Mupira wenye umezungushwa na vidole unapinda kwa sababu unasukumana na hewa, hewa ikipungua unapinda kidogo, na ukipigwa unaenda mbali. Ekipe ya kule, Rockies, tangu 2002 wanawekaka mipira kwenye chumba chenye unyevu ili isikauke na kuruka ovyo, inasaidia, haimalizi.

Mwezi wa 12 wa 2017 walimupa Wade Davis dola milioni 52 kwa miaka tatu, ile siku hakuna mutupaji wa akiba alikuwa na mushahara wa mwaka mukubwa kuliko wake. Mwaka wa kwanza akaongoza ligi yake kwa sevu 43. Wa pili, wastani 8.65. Wa tatu wakamuachilia. Sisemi ni hewa peke yake, alikuwa anaingia miaka 33 na mwendo wa mupira ulikuwa unashuka, lakini kununua mukono wenye unazeeka na kuupeleka pahali pagumu kuliko pote, kwa pesa kuliko zote, mimi ata leo sijaelewa.

MUZEE WA BAGIRA: Mutoto wangu, nimetumika maisha yangu yote kwenye ofisi ya hesabu. Hao matajiri hawana wahasibu? Wameungua mara moja, mara mbili, mbona wanarudia?

JIBU: Muzee, kwanza aksanti kwa barua ya mukono, kwenye kaye ya mistari, siku hizi sizipati tena, nimeiweka pembeni.

Wahasibu wako nao, wengi na wazuri. Na wameanza kuungua zamani sana. Mwezi wa 12 wa 1984 Atlanta walimusaini Bruce Sutter miaka sita, alikuwa ametoka kuweka sevu 45 na St. Louis. Bega likakataa. 1986 alicheza mechi 16, 1987 hakucheza kabisa, 1988 akamalizia, sevu zake zikasimama kwenye 300 kamili, na ekipe ikaendelea kumulipa miaka mingi sana nyuma ya kustaafu kwake juu sehemu ya pesa ilikuwa imepangwa kulipwa polepole. Hiyo ni miaka 40 imepita. Kila mutu kwenye ile kazi anaijua hadithi ya Sutter.

Wanarudia kwa sababu ya mwezi wa 10, muzee, mwezi wa fainali. Musimu muzima ile iningi 60 ni kidogo, lakini kwenye fainali kloza anaweza kuingia karibu kila usiku, na uzito wake unaongezeka mara nyingi. Mwenye ekipe anakumbuka usiku mumoja wenye ushindi ulimutoka mukononi iningi ya 9, na ule usiku hauondoki kichwani, na siku ya kusaini ni ule usiku njo unashika kalamu. Na tena kuna jirani: ukikataa kutoa mwaka wa 4, jirani anatoa wa 4 na wa 5.

Chukua ile miezi ya baridi tu ya 2016 kuingia 2017, wakati wa kusaini kontra. Kloza tatu wakubwa wakasaini. Melancon nimekwisha kumutaja. Kenley Jansen, Dodgers wa Los Angeles, miaka tano, milioni 80. Aroldis Chapman, Yankees wa New York, miaka tano, milioni 86. Jansen kwa kusema haki aliifanyia kazi pesa yake, ata kama katikati alipasuliwa moyo na kuna musimu alitetemesha watu. Chapman pia sehemu kubwa, ingawa 2019 Altuve, mupigaji wa Houston, aliupiga mupira wake mbali, na ule uliwafukuza Yankees kwenye njia ya fainali. Lakini sikia hii: mwisho wa ule mwaka 2019 Yankees wakamuongezea mwaka mumoja, 2022. Na 2022 njo mwaka wenye walimutoa kwenye kazi ya kloza. Ule mwaka wa kuongeza, ule ule.

Kwa hiyo, muzee, wakati watu wanabishana juu ya milioni, mimi naangaliaka miaka. Pesa mingi kwa mwaka mumoja inaumiza mwaka mumoja. Chapman huyo huyo, 2025, akiwa na miaka 37, Boston walimupa mwaka mumoja, kama milioni 10 na kidogo, akawapa sevu 32 na wastani 1.17. Angekuwa ameharibika, ingekuwa imeisha mwezi wa 10.

Na mukubwa wao wote, Mariano Rivera, sevu 652, mutu wa kwanza kuingizwa kwenye nyumba ya heshima ya besiboli bila kura ata moja kukosa, 2019. Mutupaji mwenye alitegemea aina moja tu ya mupira, ule wenye unakata kidogo mwishoni, wapigaji wanajua unakuja na hawawezi kitu. Yankees walimupa nini akiwa ameanza kuzeeka? Nyuma ya 2007 miaka tatu kwa milioni 45. Kiisha miwili kwa milioni 30. Kiisha mumoja kwa milioni 10. Tatu, mbili, moja. Yeye, mukubwa wao. Na hapo ndani goti lake lilikatika mwezi wa 5 wa 2012 akikimbiza mupira kwenye mazoezi pale Kansas City, akiwa na miaka 42, akarudi akiwa na 43 akaweka sevu 44. Kama Rivera alikubali tatu, sijui nani tena ni wa kupewa tano.

Dodgers wenyewe naona wameanza kuisikia hii ya miaka. Mwezi wa kwanza wa 2025 walimupa Tanner Scott milioni 72 kwa miaka nne. Musimu ukawa mugumu, wastani 4.74, na fainali zilipofika hakutupa mupira ata mumoja. Unajua nani alimalizia mechi ya 7 ya fainali pale Toronto, tarehe 1 mwezi wa 11? Yoshinobu Yamamoto, mutupaji wa kuanza, mwenye alikuwa ametupa iningi 6 usiku wa mbele yake tu. Alisimama pale, mukono bado haujapoa, akatoa watu 8 mupaka iningi ya 11 (pointi zikilingana, wanaongeza iningi), wakashinda 5 kwa 4. Niliangalia ile mechi asubuhi na sikuweza kwenda kazini kwa wakati. Mwezi uliofuata Dodgers walirudi sokoni wakamuchukua nani? Díaz, mwenye alikuwa ametumia haki yake ya kutoka kwa Mets mbele ya miaka miwili ya mwisho. Milioni 69, miaka tatu. Mushahara wa mwaka umepanda, miaka imeshuka.

DADA WA PANZI: Mimi nashika pesa za ekipe ya quartier yetu. Kuna mushambuliaji anaingiaka dakika 20 za mwisho na kufunga, wazee wanataka tumulipe misimu miwili yote mbele ili jirani wasimuchukue. Nifanye nini?

JIBU: Dada, hapa naongea na kidonda changu mwenyewe. Nilikuwa mushika pesa wa ekipe moja huku mujini, jina nitaliacha, watu wake wako hai na wengine ni rafiki zangu. Tulikuwa na kipa, kijana mwenye mikono mirefu, musimu mumoja alizuia penalti 4 na quartier nzima ikamupenda. Tukachangisha, mama za mukaa wakatoa, motari wakatoa, tukafika dola 450, tukamupa yote mbele kwa misimu tatu. Nakumbuka tulisainia juu ya kiti cha moto, kaye iko juu ya saduku, bic inakwaruza karatasi. Wiki ya tatu alidondokea changarawe upande mubaya, goti likavimba kama chungwa kubwa, na hakurudi tena golini.

Alikuja kwetu nyumbani na fimbo, akataka kurudisha dola 100. Nilikataa. Pesa ilikuwa imekwisha kuenda kwa daktari na kwa mama yake, angezitoa wapi? Lakini kwenye mukutano ni mimi niliitwa, ni mimi nilisimama mbele ya zile mama za mukaa, na sikuwa na kitu cha kuwaambia.

Kwa hiyo mulipe vizuri huyo mushambuliaji, usimunyime, lakini mulipe kwa mwezi, na andika kwenye kaye kama akiumia mutamulipia dawa na nusu ya pesa ya ule musimu, basi. Msimu wa pili muuongelee nyuma ya wa kwanza. Jirani akimuchukua, atamuchukua. Na hesabu mabao yake: ni mangapi? Kama ni 5 katika musimu mumoja, mawili yangeweza kugonga mulingoti.

KIJANA MWINGINE, ESSENCE: Wote munasema ekipe inaungua. Huyo mutupaji mwenyewe munamuona namna gani? Mimi namuona kama mutu mwenye alipata bahati.

JIBU: Ningefurahi kama barua zote zingeuliza hivi. Mutupaji wa Marekani akifika ligi kuu, hawezi kuchagua ekipe mupaka afikishe miaka 6 ya kazi. Miaka ya kwanza tatu analipwa karibu na mushahara wa chini kabisa, mwaka 2025 ulikuwa dola 760,000, kwetu ni pesa ya kutisha, lakini kwa ekipe yenye inamutumikisha kama kloza ni bei ya bure. Ile miaka yenye mukono wake ni mupya na mukali njo miaka yenye hana sauti. Anapopata uhuru yuko na miaka 29, 30, kano imekwisha kuvutwa mara maelfu, na anajua. Anajua kuliko daktari wa ekipe. Kwa hiyo akipewa kalamu ya miaka tano anasaini, na mimi ningesaini, na wewe pia.

Liam Hendriks, mutu wa Australia, alisaini na White Sox wa Chicago mwezi wa kwanza wa 2021, miaka tatu, milioni 54. Mwanzo wa 2023 akatangaza ana kansa ya damu ya aina ya limfoma. Akatibiwa, mwezi wa 5 alikuwa amerudi uwanjani, kiisha kiwiko kikakatika, mwezi wa 8 operasio. Wa kwangu wewe, huyo ukimuona unawaza ameiba milioni ya nani? Ekipe ilinunua hatari ikijua, ina wanasheria, ina madaktari, ina miaka mingine 100 ya kucheza. Yeye ana mukono mumoja. Nikisema kontra ndefu ni mbaya nasema na mwenye anaitoa, sisemi na mwenye anaipokea.

MAMA WA KADUTU (kwa simu): Mechi za New York zinaanzaka saa ngapi kwa saa yetu? Mutoto wangu ananidanganya.

JIBU: Hakudanganyi, mama. Zile za jioni zinaanza saa 1 ya jioni kule, na wakati wa besiboli sisi tuko mbele yao saa 6, kwa hiyo hapa ni saa 7 ya usiku. Kloza anaingia karibu saa 9 na nusu. Mwambie alale kwanza, aweke alarme, na umeme ukiwa unakatika achaji simu mapema mchana.